Binti anakwenda Ujerumani kusomea uuguzi: dini yake itakuwaje?

*“Assalaam alaykum. Binti yangu ana miaka 22, amemaliza kozi ya Kijerumani hapa Mombasa na amepata mkataba wa mafunzo ya uuguzi, miaka mitatu, katika hospitali moja ya Dortmund. Nimefurahi na nimeogopa. Jirani yangu asema Waislamu wa Ujerumani ni Waislamu wa jina tu, hawaswali, na wanawake wametupa mitandio. Shemeji yangu asema kinyume: walioshika dini huko wote wamekuwa wakali na polisi wawafuata. Mwengine kaniambia mtu akifika huandikishwa dini yake, kisha mshahara hukatwa kodi ya kanisa. Tena nasikia misikiti yote ni ya Waturuki, na hawaswali kama sisi Mashafi. Je, nimwache aende? Na akienda, aende msikiti gani, na mtandio wake kazini utakuwaje?”*

Wa alaykum salaam, Mama. Umeuliza mengi kwa pamoja, na sitayajibu kwa mpangilio uliouliza. Kumwacha aende au kumzuia ni uamuzi wenu wawili, wala si wangu. Ninachoweza ni kukuonyesha hofu yako ielekee wapi, kwa sababu naona imeelekezwa pasipo mahali pake. Unaogopa kwamba kuna mtu huko atakayemvuta binti atoke kwenye dini, au atakayemvuta aingie kwenye ukali. Watu hao wapo, na nitawafikia. Lakini kinachowabadilisha wengi zaidi ni kitu kisicho na sura: yale yaliyokuwa yakiibeba dini yao nyumbani hayapo tena.

Kwanza tumsikilize jirani. Ujerumani haina daftari la Waislamu. Kanisa Katoliki na la Kiprotestanti yana orodha za waumini wake, Uislamu hauna. Kwa hiyo idadi inayotajwa hutokana na utafiti: watu wenye asili ya nchi zenye Waislamu wengi huulizwa wao ni wa dini gani. Ofisi ya Shirikisho ya Uhamiaji na Wakimbizi, BAMF, ilifanya utafiti wa namna hiyo mwaka 2008, kisha mwingine mkubwa uliotolewa mwaka 2021. Huu wa pili ulikadiria Waislamu kuwa kati ya milioni 5.3 na 5.6, yaani takriban watu sita hadi saba katika kila mia moja nchini. Walipoulizwa kama ni watu wa dini, asilimia 82 walijibu kuwa ni wa dini sana au kiasi. Walipoulizwa kuhusu swala, ni asilimia 39 tu waliosema wanaswali kila siku. Kati ya wanawake, kama asilimia 30 huvaa mtandio. Miongoni mwa waliopita miaka 65 wanaovaa ni zaidi ya nusu, na kadiri umri unavyoshuka ndivyo wavaaji wanavyopungua.

Jirani yako akizipata takwimu hizi atasema, “Si niliwaambia?” Mwambie azisome tena. Mtu asiyeswali kila siku, halafu akajieleza kuwa ni wa dini, hajadanganya katika lolote kati ya hayo mawili. Anafunga Ramadhani, hagusi nyama ya nguruwe, akifiwa anataka Yasin isomwe, na angekasirika ukimwita kafiri. Hata Mombasa watu wa namna hiyo tunao wengi, ila kwetu adhana huwasitiri. Kule hakuna cha kuwasitiri, kwa hiyo wanahesabika.

Tena swaumu huko inashikwa zaidi kuliko swala, na sababu yake inafaa binti yako aijue mapema. Swaumu ni ibada ya kundi. Ina tarehe, ina futari, ina mwenzako wa Kituruki atakayekuletea kipande cha mkate, na hata Mjerumani wa zamu yenu atakuuliza unaendeleaje. Swala ya Alasiri siku ya Jumanne ya Novemba haina mwenzio. Unaiswali peke yako, ndani ya dakika saba, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, huku jokofu la vitafunio likinguruma. Kisichobebwa na watu wengine ndicho hudondoka kwanza.

Ukilifahamu hilo umeufahamu utaratibu mzima. Pwani yetu dini imo katika mazingira. Mtoto huamshwa na adhana, hupelekwa chuoni na shangazi, Ijumaa mji mzima hubadilika harufu, mwezi wa Mfungo Sita kuna maulidi hata kwa asiyeyataka. Hahitaji kuamua kuwa Mwislamu. Angehitaji kuamua kuacha. Ujerumani jambo hilo limegeuzwa: kuacha hakuhitaji uamuzi wowote, kushika ndiko kunakohitaji uamuzi, na uamuzi wenyewe unarudiwa kila siku. Ndiyo maana utaona pande mbili zikikua kwa wakati mmoja katika ukoo uleule. Dada mmoja anaacha taratibu bila hata kugundua. Mdogo wake anaamua, anajifunza fiqhi vitabuni, anavaa mtandio ambao mama yake mzazi hakuuvaa, na anaanza kuwauliza wazee: hili ni la dini au ni la kijijini kwenu Anatolia, huko Uturuki? Jimbo la Nordrhein-Westfalen, ambako Dortmund iko, limefundisha somo la dini ya Kiislamu kwa Kijerumani katika shule za serikali tangu mwaka wa masomo 2012/13, na Chuo Kikuu cha Münster, kilicho karibu, kina kituo cha theolojia ya Kiislamu. Kuna kizazi kizima kinachoijua dini yake kwa lugha ambayo babu zao waliijua kiwandani tu.

Sasa kuhusu “Waturuki.” Historia ni fupi. Tarehe 30 Oktoba 1961 Ujerumani Magharibi ilitia saini mkataba wa kuleta vibarua kutoka Uturuki. Moroko ikafuata mwaka 1963 na Tunisia mwaka 1965, hadi mlango ulipofungwa mwaka 1973. Wengi hawakurudi. Mwaka 2008 watu wenye asili ya Uturuki walikuwa karibu theluthi mbili ya Waislamu wote. Katika utafiti wa 2021 wameshuka hadi asilimia 45, kwa sababu waliingia Wasyria, Wairaki, Waafghani na watu wa Balkani, hasa tangu 2015. Kwa hiyo mtu anaposema “Waislamu wa Ujerumani wanazidi kushika dini” au “wanazidi kuacha,” muulize kwanza anawazungumzia waliokuwepo au waliowasili. Takwimu inaweza kupanda bila hata mtu mmoja kubadilika, wamebadilika wanaohesabiwa.

Asilimia 74 ni Sunni. Mashia ni asilimia 4, wapo Maahmadiya kidogo, na asilimia 8 ni Waalevi. Hawa Waalevi nataka niwakalie kidogo, maana ndio watakaomchanganya binti yako akikutana nao wiki ya kwanza. Wana majina ya Kiislamu, wametoka Uturuki, wanamtukuza Imamu Ali, lakini kwa kawaida hawaswali swala tano, hawafungi Ramadhani bali siku 12 za Muharram, na ibada yao inaitwa cem: wanaume na wanawake huketi pamoja, na kinanda cha nyuzi kiitwacho saz hupigwa. Baadhi yao hujiita Waislamu, wengine husema Ualevi ni dini inayojitegemea, na jimbo la Nordrhein-Westfalen liliipa jumuiya yao hadhi ya taasisi ya kisheria ya umma mwaka 2020. Kwa hiyo mwenzake aitwaye Zeynep akimwona anakula mchana wa Ramadhani, asimwulize, “Dada, mbona umeacha dini?” Huenda hajaacha chochote, na huko kwao swali hilo lina makovu ya mauaji na kutengwa.

Kuhusu kuswali nyuma ya Mturuki: inafaa, Mama, na wala si jambo geni kwetu, maana Wahindi wetu wengi wa Kisunni Mombasa na Nairobi ni Mahanafi vilevile. Imamu hatasoma kunuti Alfajiri. Bismillahi hataipaza. Witri ataiswali rakaa tatu kwa salamu moja, na kunuti yake iko humo, kabla ya kurukuu. Amina itasemwa kimyakimya. Binti akiipaza watageuka. Kama angependa kusikia fiqhi aliyolelewa nayo, awaulize Wakurdi na Wasomali: Wakurdi wa Kisunni kwa sehemu kubwa ni Mashafi, na Wasomali pia. Wamoroko ni wa Maliki, na baadhi huswali mikono imeachiliwa chini. Ndani ya mwaka mmoja ataona mambo ambayo mwanafunzi wa chuoni huyasoma tu kwenye kitabu cha khitilafu.

Misikiti yenyewe asiitafute kwa kuba na mnara. Mingi iko ndani ya ua wa nyuma, kwenye iliyokuwa karakana au ghala, na mlango unapita dukani kwa mboga au kwenye chumba cha chai. Mtandao mkubwa kuliko yote ni DITIB, ulioanzishwa Köln mwaka 1984, wenye misikiti kama 900. Umefungamana na mamlaka ya dini ya serikali ya Uturuki, na kwa miaka yote hiyo maimamu wake walitumwa na kulipwa kutoka Ankara. Desemba 2023 yalifikiwa makubaliano ya kumaliza utaratibu huo polepole na kufundisha maimamu 100 kwa mwaka palepale Ujerumani. Yapo pia mashirika mengine yenye asili ya Kituruki: Millî Görüş, na VIKZ ambao wanajulikana kwa mabweni ya wanafunzi na uradi wa kisufi. Kwa msichana anayetaka kuswali, kufuturu na kupata marafiki, tofauti za kisiasa za mashirika haya hazitamgusa sana. Ajue tu kwamba zipo, ili siku hotuba ikianza kunusa uchaguzi wa nchi asiyoijua asishangae.

Kabla ya kwenda, apige simu aulize mambo matatu: kuna sehemu ya wanawake siku ya Ijumaa (misikiti mingine haina, chumba chenyewe kinajaa wanaume), khutba inatolewa kwa lugha gani, na kuna darasa la vijana kwa Kijerumani? La mwisho ndilo lenye uzito. Msikiti ambao haelewi lugha yake atauacha baada ya mwezi, hata uwe na zulia gani. Darasa la wasichana kumi na wawili wanaozungumza Kijerumani litamfundisha dini na litamfundisha Kijerumani cha mtihani.

Ratiba ndiyo inayowaangusha wengi, na huku nyumbani hakuna anayewaeleza. Mombasa, swala ya Magharibi haichezi sana, mwaka mzima ni kati ya saa kumi na mbili na saa moja. Dortmund iko nyuzi 51 na nusu kaskazini ya ikweta. Mwishoni mwa Desemba Alfajiri huingia kama saa kumi na mbili u nusu, jua huchomoza saa mbili u nusu asubuhi, Adhuhuri ni saa sita u nusu, Alasiri saa nane na dakika chache, Magharibi saa kumi na dakika ishirini na kitu. Tazama hapo: zamu ya asubuhi hospitalini huanza saa kumi na mbili. Maana yake, kwa wiki nyingi za baridi, Alfajiri nzima imo ndani ya zamu. Akizoea kwamba “Alfajiri naswali kabla ya kutoka,” kuanzia Novemba atakuwa anaswali kabla ya wakati, au ataikosa, na akiikosa siku ishirini mfululizo atakata tamaa.

Dawa yake imo kwenye sheria ya saa za kazi. Anayefanya kazi zaidi ya saa sita ana haki ya mapumziko ya dakika 30 zisizolipwa, na zinaweza kugawanywa vipande vya dakika 15. Azungumze na kiongozi wa wodi wiki ya kwanza, kabla halijawa tatizo, aombe kipande kimoja kiangukie kabla ya jua kuchomoza. Asiombe “muda wa swala” kana kwamba anadai cha ziada. Anaomba mapumziko yake yawekwe saa fulani. Aingie zamuni na udhu, abebe mkeka mwepesi unaokunjika mfukoni, na atafute mahali mapema. Hospitali nyingi zina chumba cha ukimya au kanisa dogo lililo wazi kwa wote. Ngazi za dharura si mahali pa kuswalia, mtu atakwazika hapo.

Kiangazi ni shida ya namna nyingine. Jua la Juni huzama karibu saa nne kasoro dakika kumi usiku na kuchomoza saa kumi na moja na robo. Kuanzia wiki ya mwisho ya Mei hadi kama tarehe 20 Julai, jua halizami chini vya kutosha, giza kamili halipatikani, na alama ya Isha ambayo vitabu vyetu vinaitaja haionekani. Hii hutokea kila mahali juu ya nyuzi 48 na nusu. Wanazuoni wametoa njia kadhaa za kukadiria: kuugawa usiku mafungu saba, kuugawa nusu, au kuchukua hesabu ya siku ya mwisho iliyokuwa na alama. Kwa hiyo programu mbili za simu zinaweza kupishana kwa saa nzima, na zote zisiwe na kosa. Achukue kalenda ya msikiti anaouswalia na ashikamane nayo mwaka mzima. Anayerukaruka kati ya kalenda akitafuta iliyo nyepesi usiku huu huishia kutoiamini yoyote. Na asipoweza kuamka au kusubiri, suala la kukusanya Magharibi na Isha kwa dharura lina kauli tofauti kwa Mahanafi, Mashafi na Mahambali; amuulize sheikh wenu mnayemwamini Mombasa akiwa bado hajapanda ndege, akimpa ratiba halisi ya zamu.

Ramadhani sasa imeingia miezi ya baridi. Siku ya swaumu Desemba huko haifiki saa kumi, fupi kuliko yenu. Mwaka 2030 Ramadhani itaanza mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Idi je? Watagombana, kama mnavyogombana hapo Mombasa kuhusu mwezi wa Saudia na mwezi wa hapa. Misikiti ya Kituruki hufuata hesabu iliyochapishwa mwaka mzima mbele, ya Waarabu mingi husubiri tangazo la Saudia. Idi si sikukuu ya serikali, kwa hiyo aombe likizo ratiba ya zamu inapopangwa, si usiku wa mwezi.

Mtandio. Hapa hukuniambia jambo moja kubwa: hospitali ni ya nani? Ujerumani hospitali nyingi ni za makanisa, na makanisa yana sheria zao za ajira. Angalieni mkataba, jina la mwajiri. Mkiona Caritas, Diakonie, Evangelisch, Katholisch au jina la mtakatifu linaloanza na St., huyo ni mwajiri wa kanisa. Mwaka 2014 Mahakama ya Shirikisho ya Kazi iliamua, katika kesi ya muuguzi na hospitali ya Kiprotestanti, kwamba mwajiri wa kanisa kwa kawaida anaweza kumtaka mfanyakazi asivae mtandio akiwa kazini. Baadhi yao wanaruhusu hata hivyo, maana wauguzi ni haba. Kwa mwajiri binafsi asiye wa kanisa, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema mwaka 2021 kuwa marufuku inawezekana tu ikiwa inahusu alama zote za dini na siasa, na mwajiri aonyeshe haja ya kweli. Kuchukia tu kwa wateja wachache hakutoshi. Hospitali za miji na za vyuo vikuu kwa kawaida huwa na njia: mtandio mfupi, uliokunjwa ndani ya nguo, unaobadilishwa kila siku na kufuliwa kwa maji moto kama sare.

Aulize sasa, kwa barua pepe, sentensi mbili: navaa mtandio, je, naweza kuuvaa wodini, na nyinyi mna sare yake? Jibu la maandishi alihifadhi. Msichana aliyenyamaza ili asikose nafasi, halafu akaambiwa siku ya kwanza avue, yuko mahali pabaya mno: amesaini, visa yake imeshikamana na mkataba, na hana pa kulala kwingine. Akipata jibu baya leo bado ana muda wa kutafuta hospitali nyingine. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya uhamiaji na ajira Berlin mwezi Septemba 2024, mawakala wamekuwa wengi na wengine hujibu swali hili kwa “hakuna shida” bila kuuliza mtu. Jibu la wakala lisikutoshe. Litoke hospitali.

Na mikono ya nguo: kazi inayohitaji kutakasa mikono kwa dawa hufanywa mikono ikiwa wazi hadi kwenye viwiko, bila saa, pete wala bangili. Hili ni la usafi, linamhusu kila mtu, na kulipigania ni kupoteza nguvu. Hilo nalo ni la kumpelekea sheikh kabla ya safari, kwa sababu akilikuta wodini bila jibu atadhani amelazimishwa kuchagua kati ya dini na kazi, na huo si ukweli wa mambo.

Kodi ya kanisa nitaimaliza haraka. Ipo, ni asilimia 9 ya kodi ya mapato (asilimia 8 huko Bavaria na Baden-Württemberg), na hulipwa na waumini wa makanisa tu. Akifika ana wiki mbili za kujiandikisha anwani yake. Fomu ina nafasi ya dini, na inaulizia jumuiya zinazokusanya kodi. Uislamu haumo, basi aiache tupu au aseme hana. Hajaikana dini hapo, amejibu swali la kodi. Kisha akague hati ya kwanza ya mshahara: akiona herufi ev au rk pembeni mwa taarifa za kodi, karani amekosea na arudi ofisi ileile warekebishe.

Sasa shemeji. Wakali wapo, na idara ya usalama wa ndani iliwakadiria wafuasi wa Usalafi mwaka 2022 kuwa kama 11,000. Gawanya kwa milioni tano na nusu: ni wawili katika kila elfu moja, tena wengi wa hao si watu wa bunduki. Zamani waligawa misahafu mitaani hadi kundi lililokuwa likifanya hivyo lilipopigwa marufuku Novemba 2016. Siku hizi kazi yao iko kwenye video fupi za simu, na zinamfikia hata aliye Likoni, kwa hiyo kumzuia binti asisafiri hakumkingi. Anayenasa ni mpweke. Anakuja mtu mwenye jibu fupi kwa kila swali, anayemwambia kwamba maulidi yenu ni uzushi, kwamba swala ya mama yake ina kasoro, kwamba msikiti ule wa Waturuki si msikiti. Kuongeza ibada peke yake si dalili ya kuogopesha, tafadhali, usimtilie shaka akianza kufunga Jumatatu. Kinachoogopesha ni watu kupungua: marafiki wanabaki wa kundi moja, simu za nyumbani zinageuka mahubiri, kisha kimya.

Na kuna jambo ambalo hukuliuliza, nami naliogopa kuliko kodi na polisi: ndoa ya haraka. Katika fiqhi yetu ya Shafi hakuna nikaha bila walii. Kwa Mahanafi, mwanamke baleghe mwenye akili anaweza kujiozesha. Kwa hiyo imamu mwema kabisa, asiyevunja sheria yoyote ya madhehebu yake, anaweza kumwozesha binti yako Jumapili jioni wewe ukiwa umelala. Zaidi ya hapo, sheria ya Ujerumani inaitambua tu ndoa iliyofungwa kwenye ofisi ya usajili, Standesamt. Tangu 2009 nikaha ya msikitini bila usajili haikatazwi kwa watu wazima, ila mbele ya sheria ni kama haikuwapo: hakuna urithi, hakuna matunzo ya mke, hakuna haki ya kuishi nchini kwa ajili ya ndoa. Mwambieni wazi, bila vitisho, mambo mawili: Standesamt kwanza, na mahari yaandikwe. Mkiwa mmelizungumza hili mkiwa mmekaa pamoja jikoni, ni rahisi kwake kumwambia kijana, “Kwetu hatufanyi hivyo.”

Msaada wa ana kwa ana upo, na mwingi ni wa bure. Kwa kuwa hajafikisha miaka 27, aende ofisi ya ushauri kwa vijana wahamiaji, Jugendmigrationsdienst, iliyo karibu naye. Wanasaidia barua, nyumba, shule, hata ugomvi na mwajiri. Akibaguliwa kazini kwa ajili ya mtandio, asikae nalo: madai chini ya sheria ya usawa huwasilishwa kwa maandishi ndani ya miezi miwili, na Ofisi ya Shirikisho ya Kupinga Ubaguzi hutoa ushauri. Akitukanwa au kusukumwa kwenye treni, ambalo kwa bahati mbaya hutokea kwa wavaa mtandio, awapigie polisi simu na aandike saa na namba ya treni. Wewe ukihisi kuna kundi limemshika, BAMF ina kituo cha ushauri kwa familia tangu 2012, na kinachoulizwa hapo ni wasiwasi wako, si ushahidi. Na ukisikia hapati usingizi, hataki kula, kila kitu hakina ladha, wiki mbili mfululizo, hiyo ni ya daktari. Giza la Januari huwaangusha hata waswalihina, na kumwambia azidishe uradi tu bila kumpeleka hospitali ni kumdhulumu.

Najua utakuwa ukimpigia simu. Kumwuliza “umeswali?” kila siku kutamfundisha kujibu ndiyo. Kuna saa nzuri zaidi. Wakati wa baridi Mombasa iko mbele ya Dortmund kwa saa mbili, na mwishoni mwa Desemba jua la kwao huzama saa kumi na dakika ishirini na tatu hivi, ambayo kwako ni saa kumi na mbili na dakika ishirini na tatu. Magharibi ya Mombasa siku hizo iko kama saa kumi na mbili u nusu. Kwa wiki chache, kila mwaka, swala moja itawaingilia nyote wawili karibu kwa pamoja. Mpigie dakika kumi kabla yake.